Kumwibia Kipofu Ukiwa wa Kwanza Kusema

Cherono,

Kama unasoma hapa, basi umeingiza mguu ndani ya gamubuti ya kushoto, ukagusa kitu, ukapiga kelele ukidhani ni chura. Si chura. Ni baba yako. Toa mguu, kaa chini, soma.

Na kabla hujaanza kucheka mwandiko: mimi niliishia Fom Tu, na hiyo Fom Tu yenyewe niliiona zaidi kupitia dirisha, nikiwa nje, nimepiga magoti. Wewe una cheti cha Fom Fo ndani ya plastiki. Sawa. Lakini hebu nionyeshe mtu mmoja hapa Roret, mwenye cheti au asiye na cheti, ambaye aliwahi kukaa mezani kucheza karata na mimi akaondoka na vizibo vyake vyote. Hakuna. Ngoja, yuko mmoja. Nitamfikia.

Sitakuambia ule vizuri wala uende kanisani wala umsaidie senge yako, dada yangu, vyombo. Hayo mama yako ameyasema tangu mvua ianze, na sasa mmeenda naye kwa gogo, nyanya yako, kuaga, ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Mimi nina jambo moja tu. Gamubuti.

Kwa nini umebeba gamubuti?

Ulisema umepata kazi garaji, Nakuru. Fundi wa garaji huvaa ovaroli na viatu vigumu. Gamubuti, viatu vya mpira, ni zetu sisi watu wa majani chai, na za wale vijana wanaoosha magari kando ya barabara. Na si kwamba umezibeba tu. Umezifunga kwa leso ya mama yako, ukaziweka chini kabisa ya begi, chini hata ya blanketi. Mtu hafichi gamubuti kama ni gamubuti tu.

Ndiyo, nilifungua begi lako. Utafanya nini, utanichapa? Mama yako husema hata ng'ombe akinilamba mkono mimi namuuliza anataka nini. Ni kweli. Na huwa anataka kitu.

Sasa sikiliza nikueleze macho haya ya kushuku niliyatoa wapi, kwa sababu sikuzaliwa nayo. Mimi nilizaliwa mwizi.

Ulikuwa mdogo, mgongoni mwa mama yako, kwa hivyo hukumbuki jinsi kituo cha majani kilivyokuwa lori likichelewa. Tumechuma tangu asubuhi, tumeleta magunia, tumeketi. Lori halijulikani liko wapi, pengine limekwama kwa matope huko chini. Na majani yaliyoshindiliwa ndani ya gunia hayangoji mtu. Yanapata joto, yanaungua yenyewe, yanageuka rangi ya kutu, na karani akiingiza mkono akisikia moto, anakuambia upeleke kwa ng'ombe. Kwa hivyo kupimwa kwanza ni kitu kikubwa. Wa kwanza majani yake yanaingia yakiwa hai. Wa mwisho anaweza kukuta lori limejaa.

Watu walikuwa wanapigania hiyo nafasi karibu kung'oana meno. Mpaka Okumu akaleta karata.

Okumu unamkumbuka. Yule fundi wa kiwanda, mtu wa upande wa ziwa, aliyepanga nyumba nyuma ya kituo na kukodi kishamba cha majani na mke wake. Alikuwa amejifunza mchezo unaitwa poka, sijui wapi, kila siku alitaja mji mwingine. Akasema tuache kusukumana: tucheze kwa vizibo vya soda, na lori likifika, mwenye vizibo vingi apimwe kwanza. Karani akakubali, bora pesa isionekane kwenye meza yake ya mizani.

Poka. Sisi Wakipsigis na herufi P hatujawahi kuelewana vizuri. Baada ya siku chache kila mtu alikuwa anasema boga. Mtu akiuliza nyumbani, "Baba Chero yuko wapi?" mama yako anajibu, "Ameenda boga," na jirani anafikiri nimekuwa mkulima wa maana.

Mchezo ni hivi, na usiruke hapa kwa sababu ndipo ulipo wewe. Kila mtu anapewa karata mbili, anaziangalia peke yake. Lakini kabla hazijagawanywa, watu wawili walioketi pamoja lazima waweke vizibo katikati: mmoja anaweka kimoja, wa pili anaweka viwili. Wanaweka kabla ya kuona chochote. Okumu aliwaita kipofu mdogo na kipofu mkubwa. Halafu yule anayekaa kando ya kipofu mkubwa ndiye wa kwanza kusema, na mezani kwetu kulikuwa na maneno matatu tu. "Napandisha," yaani naongeza vizibo. "Nakuona," yaani naweka sawa na wewe, mwishowe tuonyeshane. Na "nimelala," yaani natupa zangu, chukua. Zamu inazunguka, na wa mwisho kabisa kusema ni kipofu mkubwa. Wote wakilala, yule mmoja anazoa vizibo vya vipofu, na hana haja ya kuonyesha karata zake kwa mtu yeyote. Anazirudisha, basi. Hutajua milele.

Siku ya kwanza Okumu akaniambia, "Haya, weka kipofu." Nikamjibu kwa sauti, mtu mzima mimi, "Nimeshaweka kibofu!"

Okumu alicheka mpaka akashika nguzo. "Omera, Baba Chero, kibofu unaenda kukiweka chooni!"

Toka siku hiyo kuzoa vizibo vya vipofu kukaitwa kuiba kibofu. Na mwizi wa vibofu namba moja alikuwa nani? Andika jina.

Lakini elewa ujanja wangu, kwa sababu wezi ni wengi. Mwizi wa kawaida huiba akiwa wa mwisho mwisho kusema. Ameona wenzake wamelala, amebaki na vipofu wawili, anapandisha, wanakimbia. Hiyo mtoto wa nasari anaweza. Mimi nilikuwa naiba nikiwa wa kwanza. Wote bado wako macho nyuma yangu, wote wana karata mkononi, yeyote anaweza kunikamata shingo. Kwa hivyo wanajiambia nini? "Huyu hawezi kupandisha kutoka pale kama hana kitu. Lazima ana wafalme wawili." Ni kama kuingia boma la chifu saa sita mchana, umsalimie, umuulize habari ya watoto, ushike kuku na uondoke naye polepole. Nani atakuuliza? Wanafikiri umetumwa.

Mara ya kwanza nilikuwa na mbili na saba. Hakuna takataka kushinda hiyo. Nikapandisha kabla hata sijakaa vizuri. Wakalala wote, mmoja mmoja, kama kuku jua likizama. Wa mwisho alikuwa Mama Shiro, yule wa chai na mandazi, aliyehamia huku kutoka upande wa Murang'a na vichaka vyake vichache vya majani. Akaziangalia karata zake, akaniangalia mimi, akaziweka chini. "Nimelala," akasema. "Lakini Baba Chero, mimi hulala na jicho moja wazi."

Mimi nikacheka. Ilifaa nilie.

Kwa sababu nilionja, nikashindwa kuacha. Kila nikiketi wa kwanza, napandisha. Nikaanza kupimwa kwanza kila jioni, natembea kituoni kama niliyepanda hayo majani kwa mate yangu. Halafu jioni moja nikapandisha, na Mama Shiro, bila hata kuacha kukoroga chai, akasema, "Nakuona."

Okumu akageuka. "Mama Shiro, una uhakika? Huyu amepandisha akiwa wa kwanza."

"Huyu akiwa na kitu hunyamaza kama aliyekula nyama ya jirani," Mama Shiro akasema. "Akiwa hana, huanza kuongea kabla hajaziangalia. Leo ameongea tangu kule barabarani."

Zikafunguliwa karata za katikati, zile za wote ambazo kila mtu huunganisha na zake mbili, hakuna hata moja iliyonijua. Akanichukulia karibu kila kizibo. Na mimi kwa hasira nikaweka vilivyobaki, vikaenda. Lori likaja, nikawa wa mwisho, na lori likajaa akiwa amebaki mtu mmoja tu kwenye mstari, mimi. Asubuhi nilipofungua lile gunia, mvuke ulitoka kama sufuria ya viazi.

Nilitaka kusema nilipoteza majani yangu. Hayakuwa yangu. Siku ile mimi nilichuma kikapu kimoja nikakimbia boga. Yale mengine mama yako aliyachuma, wewe mgongoni na meno yanakuota, unalia tangu chai ya saa nne. Nilimwambia lori lilikuwa dogo. Akaniangalia hivi, akayamwagia ng'ombe. Ng'ombe hali majani chai, Chero. Alinusa tu akaondoka.

Sasa ungesema baba alijifunza. Ndiyo, nilijifunza, lakini nilijifunza vibaya. Sikuacha kuiba nikawa mtu mzuri. Niliacha kuiba nikawa polisi. Nilisema moyoni: kama mimi nilikuwa naiba kutoka kiti cha kwanza, basi kila anayepandisha kutoka kiti cha kwanza ni mwizi. Mtu akisema "napandisha," mimi "nakuona!" Okumu anapandisha, "nakuona!" na Okumu ana wafalme wawili. Mama Shiro anapandisha, "nakuona!" na Mama Shiro ana wafalme wawili. Kumbe watu wengi wakisema wana kitu, huwa wana kitu. Mimi nikajiambia wamepata bahati, mara hii wataona.

Na ukizoea kusema "nakuona" mezani, unaisema hata nje ya meza. Duka likiuza sukari bei nafuu, nauliza ina nini. Mchungaji akihubiri juu ya subira, nauliza nani amemwambia kuhusu mimi. Wewe uliniletea namba mbili darasani, nikaenda shule kuuliza kama mliokuwa darasani mlikuwa zaidi ya wawili. Bado hujanisamehe hiyo, najua. Mlikuwa wengi. Nilihesabu.

Haya. Okumu.

Utakuwa unakumbuka aliyekupa spana ya kwanza. Ulikuwa darasa la nne, unakaa kituoni ukitungoja, naye anafungua pikipiki ya karani, anakuambia, "Chero, boti haifunguliwi kwa nguvu, inafunguliwa kwa kuisikiliza." Ukawa unasikiliza maboti yote ya hii nyumba. Kitanda chetu kilianguka na mimi ndani. Halafu siku moja Okumu hakuwepo, ukaniuliza alienda wapi, nikasema amehama. Ukaniuliza kwa nini hakuaga. Nikasema watu wazima huwa na haraka.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumeketi, karata bado hazijagawanywa. Okumu akaja, akakaa, na kabla mtu hajamsalimia akasema, "Jamaa zangu, nimepata kazi Kisumu. Bosi mwenyewe alinipigia. Naenda wiki hii."

Mama Shiro akasema, "Mungu ni mwema." Karani akampa mkono. Wote wakafurahi.

Mimi? Masikio yakasimama. Amesema kabla ya kuulizwa. Amesema haraka. Nikauliza, "Kazi gani?"

"Ufundi tu. Kampuni kubwa."

"Bosi anaitwa nani?"

Akataja jina fulani, lakini alilitoa polepole, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Nami nikasikia ile raha, Chero. Raha ya kumkamata mtu. Nikasema mbele ya kila mtu, "Si umpigie sasa hivi tumsalimie? Tumwambie anapata fundi mzuri."

Watu wakacheka, wakidhani natania. Okumu akatoa simu. Akaiangalia. Akaiweka mezani, kioo chini, pale pale karata huwekwa.

"Wamenisimamisha," akasema. "Mashine mpya imekuja, haihitaji mimi. Sina kazi Kisumu. Nina dada tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mke wake alikuwa pale kwenye mstari wa magunia, na nikaona usoni mwake kwamba hata yeye alikuwa anaisikia hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja na sisi wote, pamoja na watu wa mandazi.

Mama Shiro alimmiminia chai. Halafu akanigeukia na kusema, taratibu kabisa, "Umeshinda, Baba Chero. Chukua vizibo."

Hakukuwa na vizibo mezani. Hakuna aliyekuwa ameweka kitu.

Waliondoka kabla ya wiki kuisha. Karata aliziacha kwa karani. Spana alikuachia wewe. Mimi hakuniachia neno, na sikwenda kulitafuta. Na kitu kinachonila mpaka leo ni hiki: nilikuwa sahihi. Mtu akikosea anaweza kuomba radhi, akasema nilidhani hivi kumbe vile. Mimi nitaomba radhi ya nini? Nilishuku, na nilikuwa sahihi kabisa. Alikuwa na mbili na saba. Lakini alikuwa anataka kutoka kituoni akiwa amesimama wima, labda afike huko kwa dada yake, atafute, apate, na ule uongo ugeuke kuwa kweli kabla mtu hajaugundua. Alikuwa ameomba siku chache tu. Mimi nikazikataa, na hata hazikuwa zangu.

Sasa turudi nyumbani, Jumapili, mezani.

Wewe ulikaa kando yangu, mkono wangu wa kushoto. Mama yako alikuwa upande wangu wa kulia, akisonga ugali. Kabla sahani hazijafika, kabla mtu hajakuuliza hata saa ngapi, ukasema: "Nimepata kazi garaji, Nakuru. Nitakaa kwa senge. Naondoka Alhamisi."

Ukajipangusa mikono kwa sketi. Mikono ilikuwa safi.

Mimi karibu nimeze kijiko. Nilisema moyoni: wee! Huyu msichana amepandisha kutoka kiti cha kwanza! Binti yangu! Nusu yangu ilitaka kukukamata, na nusu ilitaka kupiga makofi.

Zamu ikazunguka. Gogo akauliza kama Nakuru kuna maziwa yetu ya mursik, ukasema senge anatengeneza, akaridhika. Amelala. Ndugu yako Kibet akauliza kama kitanda chako sasa ni chake. Amelala, tena kwa furaha. Mama yako akasema, "Ni sawa, mwanangu," hata hakuacha kusonga. Alilala haraka sana mama yako. Namshuku. Nafikiri nyinyi wawili mliangaliana karata jikoni.

Nikabaki mimi, kipofu mkubwa. Na nikaelewa, pale pale na mvuke wa ugali usoni, kwamba si mfano tu. Nani mwingine mezani aliweka kabla ya kuona? Mama yako na mimi tulikupata mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui kufunga nepi, sijui kesho. Hakuna aliyetuonyesha karata akasema huyu atakuwa hivi, wekeni. Tuliweka tu. Kidogo yeye, kingi mimi, ingawa yeye atakuambia ni kinyume, na ni kweli ni kinyume.

Nikauliza, "Garaji ya nani?" Nakumbuka sauti yangu. Ilikuwa ile ile ya kituoni.

Ukasema, "Ya mzee mmoja."

"Mzee nani?"

"Mzee tu, Baba. Kwani wazee wana majina mengi?" Halafu ukafanya kitu ambacho hata mimi katika ubora wangu sikuwahi kuthubutu. Ukaandika namba kwenye simu yangu wewe mwenyewe, ukanirudishia. "Hiyo ndiyo namba yake. Mpigie ukitaka."

Chero! Umepandisha, halafu ukapandisha tena juu yako mwenyewe! Nani humpa baba yake namba bila kuombwa? Ni watu wa aina mbili: mwenye wafalme wawili, na mwenye mbili na saba anayejua kwamba mwenye wafalme wawili ndivyo angefanya. Nimeifikiria hiyo mpaka kichwa kikauma. Nikasema "mm." Na "mm" si kuona wala kulala. Tangu Jumapili meza nzima inaningoja, na wewe unanipa chai yenye sukari nyingi kuliko kawaida, na hiyo nayo nimeishuku.

Hizi siku nimekuwa nikikuchunguza. Unaongea na simu nyuma ya zizi. Hujasema neno juu ya ovaroli. Senge yako nilimpigia, hiyo nakubali, lakini nilimuuliza tu kama ana nafasi ya kukulaza. Ana nafasi, ana godoro, anakungoja kwa hamu, na mlango wake naujua, kwa hivyo hapo usiku nalala. Juu ya garaji sikumuuliza. Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza.

Na hii namba iko hapa. Simu iko kando ya karatasi ninapoandika, na ina salio. Bonyezo moja tu. Nikisikia sauti ya mzee na nyundo nyuma yake, nitacheka, nitakununulia ovaroli. Nikisikia "namba unayopiga haipatikani," basi nimekukamata. Nitakuwa sahihi tena. Utarudi kutoka kwa gogo, nitakuketisha, nitakuuliza mbele ya mama yako na Kibet, na wewe utaiweka simu yako mezani, kioo chini.

Nimeishika hiyo simu mara nyingi kuliko nilivyoshika kalamu.

Kitu kimoja cha mchezo sijakuambia, na nilikuwa nakiweka. Mwizi anayeiba kutoka kiti cha kwanza, akiambiwa "nakuona," hajafa bado. Bado kuna karata za katikati. Nimewahi kumwona Okumu amekamatwa na mbili na saba, tunamcheka, halafu katikati zikafunguka mbili na saba nyingine, akatunyoa sisi wote mpaka lori likaja tukiwa uchi. Kwa hivyo huko ukifika, na tuseme tu, mimi sisemi kitu, tuseme garaji ni geti tu, na mzee ni yeyote atakayefungua hilo geti, na gamubuti ni za kuoshea magari huku ukingoja mtu aone unachoweza. Akikuambia "nakuona, unajua nini?" usihubiri. Hiyo ni tabia yetu sisi, ya kuongea tukiwa hatuna. Nyamaza. Omba spana. Hii pikipiki yangu ilikuwa imekufa, mafundi wa Kericho wakaniambia niuze vyuma. Wewe uliiinamia ukasikiliza boti zake, na kesho yake nikaiendesha mpaka Longisa na kurudi. Kwa hivyo wewe mbili na saba huna. Karata moja nzuri unayo, na aliyekupa ni mtu ambaye mimi nilimnyima siku chache.

Mvua inapungua. Nawasikia wewe na mama yako huko chini kwenye vichaka vya majani, mnacheka. Mnanicheka mimi? Pengine. Haidhuru.

Nimefuta namba.

Nimeangalia, haipo. Sikuiandika mahali, na kichwa changu unakijua, hakishiki namba hata ya nyumba. Kwa hivyo sitajua. Wakilala wote, anayebaki haonyeshi karata, na sheria ni sheria hata kwangu. Ukirudi siku moja ukiwa na garaji lako mwenyewe na mafundi kumi chini yako, usiniambie ilianzaje. Ukirudi wiki ijayo, mlango uko pale pale, na usiniambie pia. Nitauliza, najijua. Usijibu. Niambie tu, "Baba, ulilala."

Na leo asubuhi, ambayo kwangu ninapoandika bado ni kesho, ulipokuja kuniaga, ulinikuta nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Ukaita "Baba" mara ya kwanza, mara ya pili. Najua utaita, na najua sitajibu, kwa sababu nikiufungua, mdomo huu wenyewe utatoa lile neno lingine, "nakuona". Utakuwa umeondoka ukinuna, ukisema huyu mzee hata hawezi kuamka kumsindikiza mtoto wake barabarani.

Niliamka kabla yako, Chero. Nilikusikia ukifunga begi, nikasikia gamubuti zikigongana ndani. Sikuwa na usingizi hata kidogo.

Nimelala tu.

Baba